Modeli yako inapatia karibu kura zote za wabunge? Hapo ndo penye shida

Swali limetoka kwa kijana wa Nachingwea anayesoma takwimu chuo, nalifupisha: "Shikamoo mwalimu. Risechi yangu ya kumaliza chuo ni kutabiri wabunge wa Lindi na Mtwara watapigaje kura kwenye mambo yanayotugusa huku, hasa korosho. Nimechukua kura za bajeti zile za kuitwa majina, nikaweka chama, jimbo, jinsia na vipindi alivyokaa bungeni. Modeli inapatia karibu kila mtu, ila msimamizi wangu kaiangalia dakika tano tu akasema humu hamna kitu. Shida iko wapi, na je wabunge wanatabirika kweli?"

Marahaba mdogo wangu. Msimamizi wako yuko sahihi, tatizo kakuacha njiani bila kukuelekeza, na hiyo siyo haki kwa mtu aliyekesha na PDF za Hansard, zile taarifa rasmi za kila kilichosemwa bungeni.

Kabla hatujaenda mbali fanya hivi, iweke hiyo modeli pembeni halafu andika sheria moja tu: kila mbunge wa chama tawala atasema ndiyo. Basi. Hakuna jimbo, hakuna jinsia, hakuna vipindi. Ilinganishe na kura zako za bajeti uone inapatia kiasi gani, nakuhakikishia itakuwa pale pale ilipo modeli yako au nyuma kidogo sana. Mi naita kipimo cha mvivu. Modeli haipimwi kwa kupatia kura ngapi, inapimwa kwa kupunguza makosa mangapi ya yule mvivu. Mvivu akikosea wabunge kumi na wewe ukakosea tisa, wewe umeongeza mbunge mmoja tu, hata kama kwenye karatasi imeandikwa asilimia tisini na kitu na inapendeza kuangalia. Ni sawa na ghala linaloandika daraja la kwanza kwenye kila gunia la korosho linaloingia, ukisoma vitabu vyake huwezi kujua nani alianika vizuri na nani kaleta mzigo wenye unyevu.

Sasa hii fani ilikotoka. Miaka ya 1980 Wamarekani wawili, Keith Poole na Howard Rosenthal, walitengeneza njia inaitwa NOMINATE. Wazo lenyewe ni jepesi mpaka linachekesha: wapange wabunge wote kwenye mstari mmoja, kisha kila muswada uukate huo mstari sehemu moja, walio upande huu wanasema ndiyo, walio upande ule wanasema hapana. Hakuna anayejua mbunge yuko wapi kwenye mstari, kwa hiyo kompyuta inajaribu kuwahamisha hamisha mpaka kura walizopiga zikae vizuri. Kwa Bunge la Marekani, ambako kura za majina zipo toka 1789, mstari mmoja tu unaeleza zaidi ya asilimia 80 ya kura. Baadaye, 2004, wakaja Clinton, Jackman na Rivers na njia ya Bayes, ya kukisia kwa uwezekano, inafanana sana na hesabu wanazotumia watu wa mitihani kupima uwezo wa mwanafunzi na ugumu wa swali. Kama umesoma mambo ya kupima mitihani utaielewa haraka kuliko ile ya kwanza.

Ila sikia hii, maana ndo jibu la swali lako. NOMINATE ikipewa kura za bunge, kitu cha kwanza inachofanya ni kutupa kura zote ambazo upande ulioshindwa haukufika asilimia 2.5. Inazitupa kabisa. Kwa nini? Kwa sababu kura ambayo wote wamesema ndiyo haikati mstari popote, haikwambii nani anatofautiana na nani. Na mbunge mwenye kura chini ya 20 zinazofaa naye anatolewa. Chukua hiyo sheria uje nayo Dodoma kwa miaka hii ya karibuni, halafu niambie umebaki na nini mkononi. Kwenye uchaguzi wa 2020 CCM ilichukua majimbo 256 kati ya 264. Huku kwetu nje ya CCM alibaki yule mama wa CUF wa Mtwara Vijijini, basi. Unategemea mstari ukatike wapi?

Na siyo ishu ya wingi tu. Angalia vizuri hiyo kura unayoitumia, ya bajeti, ndo karibu kura pekee ambayo jina la mbunge linaitwa na anajibu mwenyewe kila mwaka. Nyingine nyingi ni za kelele, Spika anauliza wanaoafiki, wasioafiki, anasikiliza, anasema walioafiki wameshinda, na kwenye Hansard unakuta mstari umeandikwa "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa", hamna jina hata moja. Azimio la bandari na DP World la tarehe 10 Juni 2023, ambalo nchi nzima iliongea mpaka vijiweni kwetu huku, lilipita kwa sauti. Ukitaka kujua mbunge wako alipiga kura gani siku ile unabaki kumuuliza yeye.

Turudi kwenye bajeti. Ibara ya 90 ya Katiba inasema Bunge likikataa bajeti Rais anaweza kulivunja. Yaani mbunge akisema hapana anajua kwamba wenzake wakifuata, wote wanarudi jimboni kuomba kura upya, na kule kuna madeni ya kampeni hayajaisha. Halafu ibara ya 71, ukipoteza uanachama wa chama kilichokupeleka bungeni na ubunge umekwisha. (Kwenye utekelezaji mambo huwa yanapinda, mbunge wa Ndanda, Cecil Mwambe, alitangaza kuhama Chadema kwenda CCM mwanzoni mwa 2020 na mwezi wa tano Spika Ndugai akamwambia arudi bungeni aendelee, watu wakabishana wee. Ila mbunge wa kawaida hategemei kupata bahati hiyo.) Ongeza na mawaziri na manaibu wao, hao hawapingi hoja ya serikali wanayoitumikia, ukitaka kupinga unajiuzulu kwanza. Kwa hiyo katika kura zote duniani za kupimia mtu anafikiria nini, wewe umechukua ile ambayo imezungushiwa adhabu pande zote. Ndiyo ya bajeti inapima nidhamu. Msimamo kuhusu korosho haumo humo, na hata ukiongeza vigezo hamsini hautatokea.

Nikupe mfano ambao na wewe nyumbani umeusikia. Juni 2018, muswada wa fedha. Mpaka wakati ule eksipoti levi (ushuru wa kupeleka nje) ya korosho ghafi, asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, inachukuliwa iliyo kubwa, ilikuwa inagawanywa: asilimia 65 inarudi kwenye mfuko wa kuendeleza zao, salfa ya kupulizia mikorosho, miche, utafiti wa kituo cha Naliendele, na 35 inabaki Hazina. Muswada ukaja kusema hela yote iende mfuko mkuu wa serikali. Wabunge wa Kusini walichachamaa, wa CUF na wa CCM, waliongea lugha moja, ukifunika majina ukasoma michango tu huwezi kubahatisha huyu chama gani. Nape Nnauye wa Mtama alikuwa mmoja wa waliosema kwa ukali. Na muswada ukapita. Msimu uliofuata, Oktoba, wakulima wa Newala na Tandahimba wakagomea bei za mnada na Novemba Rais Magufuli akasema serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kilo na jeshi likaletwa kubeba mzigo, lakini hiyo habari nyingine.

Modeli yako ingeulizwa Mei 2018, je muswada utapita? Ingesema utapita, ingepatia. Je, ingejua kwamba wabunge wa chama tawala wangesimama na upinzani dhidi ya waziri wa fedha kwa sababu ya zao moja? Isingejua hata kidogo. Na hilo la pili ndo swali lako la risechi ukilisoma vizuri.

Wenzetu hili wanalijua, wanaliita mstari wa pili. Marekani mstari wa kwanza ni wa vyama na uchumi. Lakini kuna vipindi mstari mmoja hautoshi. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 ilipita Seneti kwa 73 dhidi ya 27, na kati ya hao 27 waliokataa, 21 walikuwa wa chama cha Democrat, chama cha Rais Johnson mwenyewe aliyeusukuma muswada. Karibu wote walikuwa watu wa majimbo ya kusini kwao. Ukiwapanga kwa chama tu unashangaa, ukiongeza mstari wa pili, wa mkoa na ubaguzi wa rangi, kila mtu anakaa mahali pake. Sisi mstari wetu wa pili upo, ni wa mazao na mikoa, korosho, pamba, kahawa, gesi, ila umefichwa chini ya ndiyo ya pamoja. Kazi yako ni kuutafuta pale unapochungulia.

Unachungulia wapi? Hapa nitakaa kidogo.

Sehemu ya kwanza kwangu mimi ni shilingi. Wizara ikiwa kwenye Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima limekaa kama kamati kupitia mafungu ya bajeti yake, mbunge asiyeridhika na maelezo kuhusu sera anashika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani anatoa hoja ya kuuzuia kwa ishara mpaka ajibiwe, wengine wanasimama kuchangia hiyo hoja, waziri anajibu, kisha ama mbunge anarudisha shilingi ama Bunge linahojiwa liamue. Wengi wanaichukulia kama maigizo. Kwa mchambuzi ni dhahabu, kwa sababu hapo mbunge wa chama tawala anaweza kumbana waziri bila kukataa bajeti nzima, bei ya kusema hapana imeshuka. Na Hansard inaandika kila kitu: nani kashika, kwa jambo gani, nani kasimama kumuunga, nani kasimama kumtetea waziri, karudisha mapema au kang'ang'ania. Hizo ni data tano kwa tukio moja, wakati kura ya bajeti inakupa moja tena ile ile kwa wote. Angalizo: muda ukiisha inakuja gilotini, mafungu yanapitishwa mfululizo bila mjadala, kwa hiyo mbunge ambaye hakushika shilingi siyo lazima aliridhika, inawezekana saa ilimkuta amekaa.

Ya pili, majedwali ya marekebisho. Mbunge anayepeleka jedwali kutaka kifungu fulani kifutwe kaandika msimamo wake kwa mkono wake. Ukipata jedwali lenye majina ya vyama viwili pamoja, lishike kama mboni ya jicho.

Ya tatu ni saini. Aprili 2012 Zitto Kabwe alikusanya saini za kutaka kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Pinda, chini ya ibara ya 53A ambayo inataka asilimia 20 ya wabunge wote. Kura yenyewe haikufika, baraza likapanguliwa Mei. Lakini waliosaini wanajulikana, na CCM walikuwemo, akiwemo marehemu Deo Filikunjombe wa Ludewa. Mtu anayetafuta kura za mwaka ule haoni kitu, anayetafuta saini anaona wabunge wamejitenga kabisa.

Halafu michango yenyewe. Hapa ndo vijana wengi mnaingia chaka, mnachukua maneno mnampa kompyuta ahesabu. Mbunge wetu anaanza na "naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja", anamshukuru Mungu, anawashukuru wananchi wa jimbo, anampongeza waziri na naibu na katibu mkuu, halafu dakika ya tatu anasema "lakini Mheshimiwa Spika" na kuanzia hapo anamchana waziri mpaka kengele inalia, kisha anamalizia tena naunga mkono hoja. Ukihesabu maneno mazuri na mabaya huyo atatoka shabiki namba moja. Kata mwanzo na mwisho, anza kusoma kwenye "lakini", "hata hivyo", "naomba nishauri", "haiwezekani". Soma kwa macho michango kama mia hivi mwenyewe kwanza, ipe alama kwa mkono, uwe na mwenzio anaipa alama pembeni bila kuona zako, mlinganishe. Mkipishana sana wenyewe basi na kompyuta haina la kujifunza.

Na utoro. Mbunge asiyeonekana siku ya kura anaweza kuwa mgonjwa, yuko safari ya kamati, au kaamua kutokuwepo. Usijaze ndiyo kwenye hiyo nafasi, na usijaze hapana. Ipe kundi lake. Vile vile waliofukuzwa vikao. Julai 2015 miswada mitatu ya mafuta na gesi ilipelekwa kwa hati ya dharura, ikapita huku wabunge kadhaa wa upinzani wakiwa wamesimamishwa au wametoka nje. Gesi ya Msimbati na Songo Songo ilipata sheria yake siku ambazo waliokuwa wanaipinga hawakuwemo ukumbini, ukichukua waliobaki ukasema Bunge lilikubaliana utakuwa umeandika uongo wenye takwimu.

Kigezo ambacho hukukiweka na kinaweza kukusaidia kuliko jinsia na vipindi: kiti alichokalia wakati ule. Nape niliyemtaja, 2018 alikuwa mbunge wa nyuma, kaondolewa uwaziri Machi 2017. Januari 2022 kawa waziri tena mpaka Julai 2024. Mtu yule yule, jimbo lile lile, korosho zile zile, ila hutegemei sauti ile ile. Ruangwa ndo kabisa, mbunge wake alikuwa Waziri Mkuu toka 2015 mpaka 2025, jimbo lenye korosho halina data ya kupinga kwa miaka kumi na hiyo haimaanishi watu wa Ruangwa hawakuwa na neno. Kwa hiyo mbunge mmoja mwandike mara nyingi, kila kipindi na cheo chake. Jimbo nalo usiweke "Kusini" kama ndiyo au siyo, weka uzito wa korosho kwenye kipato cha wilaya, maana Tunduru iko Ruvuma na inalima, Mkuranga iko Pwani na inalima, na Mtwara Mjini ina wapiga kura wengi wasio na hata mkorosho mmoja.

Kama unataka kuonja modeli yenyewe ya mstari inavyofanya kazi, jifunzie kwa jirani. Kenya kura kubwa zinapigwa na majina yanatoka. Muswada wa fedha wa 2024, kusomwa mara ya pili tarehe 20 Juni walikuwa 204 kwa 115, tarehe 25 Juni siku ambayo vijana waliingia bungeni wakawa 195 kwa 106. Unaona nani kabadilika ndani ya siku tano, nani kapotea, jimbo lake liko wapi. Ni data tamu. Ila utaona pia kitu kingine: aliyetabiri muswada utapita bungeni alipatia, na kesho yake Rais Ruto akakataa kuusaini. Andika kwenye risechi yako unatabiri nini, kura au sheria.

Kwa Uingereza kuwa makini. Kule upinzani unapinga serikali karibu kila kitu, sasa mbunge wa serikali mwenye msimamo mkali kuliko chama chake akikataa muswada kwa sababu haujaenda mbali vya kutosha, anajikuta kapiga kura pamoja na upinzani, na modeli inamuweka katikati kama mtu mpole wa pande zote. Januari 2019 mkataba wa Waziri Mkuu Theresa May wa Brexit, wa kutoka Umoja wa Ulaya, ulikataliwa 432 kwa 202, kati ya waliokataa 118 walikuwa wa chama chake. Wapo waliotaka kutoka Ulaya haraka na wapo waliotaka kubaki, wote hapana moja. Mstari hauulizi sababu. Ndo maana nasema hata wewe ukipata hapana zako mbili tatu, soma hotuba kabla hujampanga mtu.

Kiufundi nina moja tu la kukukaba. Umegawa data ya kufundishia na ya kujaribia kwa kuchanganya na kuchota, nimeona kwenye maelezo yako. Usifanye hivyo. Ukichanganya, kura za siku moja zinaingia pande zote mbili na modeli inakuwa imeshaona majibu. Gawa kwa muda, fundisha kwa 2016 mpaka 2018, jaribu kwa 2019 na 2020. Na muswada mpya kabisa modeli ya mstari haiujui uko wapi, kwa sababu haujapigiwa kura bado, lazima uipe kitu cha kushika kama maandishi ya muswada, kamati ulikopita, nani kauleta. Gerrish na Blei mwaka 2011 walionyesha namna ya kutumia maneno ya muswada kubahatisha mahali pake. Kwa Kiswahili itabidi ushughulike na viambishi kwanza, "hatukubali" na "sikubaliani" kompyuta inaona vitu viwili tofauti.

Je wabunge wanatabirika? Kura zao za bajeti ndiyo, mtoto wa darasa la nne anatabiri. Nani atashika shilingi Wizara ya Kilimo mwaka ambao bei ya mnada imeanguka na salfa imechelewa, hapo kuna kazi, na nadhani inawezekana kwa kiasi kizuri. Badilisha kichwa cha risechi kiwe hicho.

Anza padogo. Bunge la 2015 mpaka 2020, majimbo 18, kumi ya Mtwara na manane ya Lindi, ongeza viti maalum wa mikoa hii miwili, na wabunge wa idadi hiyo hiyo kutoka mikoa isiyolima korosho uwe na wa kulinganisha nao. Wizara ya Kilimo tu, kila mwaka wa bajeti, pamoja na ule muswada wa fedha wa 2018. Jedwali la kawaida linatosha, R (programu ya takwimu) baadaye. Safu ziwe jina, jimbo, cheo siku hiyo, kashika shilingi au hapana, kasimama upande gani, karudisha lini, na ukurasa wa Hansard ili mtu akikubishia umfungulie. Nitumie hilo jedwali kabla hujagusa modeli yoyote, na Hansard za zamani zilizoskaniwa usiziamini kwenye majina, hakiki moja moja.